Jinsi ya kuifuatilia homoni ya peptidi mpaka kwenye sinapsi bila kupotea njia

Niliwahi kupata sifuri kwenye swali la mtihani kwa sababu ya neno moja tu. Swali lilikuwa eleza endofini (peptidi ya mwili inayofanana kazi na afyuni) inavyoongeza dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na hamasa) kwenye ubongo, na mi nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba endofini inaenda kwenye seli ya dopamini, inaisisimua, dopamini inamwagika, kwisha habari. Msahihishaji akazungushia duara neno "inaisisimua" akaandika pembeni: kwa kipokezi gani? Nikakaa na ile karatasi siku kadhaa ndo nikaja kugundua kwamba kipokezi cha endofini, yaani ile protini ya seli inayoipokea, kazi yake ni kuzima seli, sasa kitu kinachozima kitasisimua vipi?

Tangu hapo nina utaratibu wangu wa kuzifuatilia hizi homoni kwa peni na karatasi, na ndo huo nauandika hapa. Ni kwa mtu yeyote anayesoma baiolojia, famasia, uuguzi, au aliyechoka tu kusikia "homoni fulani inapandisha dopamini" bila mtu kumwambia inapandishaje. Chukua karatasi kweli, hii kitu ukiifanya kichwani itakuchenga.

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina. Peptidi ni mnyororo wa asidi amino. Unaweza kuwa mfupi sana, TRH, homoni moja ya ubongo, ina asidi amino 3 tu, oksitosini 9, enkefalini (ndugu wa endofini) 5, grelini 28, insulini inafika 51 na ina minyororo miwili. Nyurotransmita ni kemikali ambazo seli za neva zinapelekeana kwenye sinapsi, pale seli mbili zinapokutana. Zile za kawaida, yaani glutameti, GABA, dopamini, serotonini, noradrenalini, ni molekuli ndogo ndogo. Na usihangaike sana kutenganisha "homoni" na "peptidi ya neva", maana mwili wenyewe haujali hiyo mipaka. Oksitosini ikimwagwa kwenye damu tunaiita homoni, seli hiyo hiyo ikiimwaga ndani ya ubongo tunabadilisha jina, lakini mnyororo ni ule ule.

Sasa jambo la kushika kabla hujachora chochote. Peptidi mara nyingi haibebi ujumbe wenyewe, inabadilisha jinsi ujumbe wa wengine unavyosikika. Glutameti (inayosisimua) na GABA (inayozima) zikifungua milango yao ya ioni kazi inaisha ndani ya milisekunde, ni mazungumzo ya haraka. Peptidi inachukua sekunde, dakika, wakati mwingine masaa ikigusa mpaka jeni. Mfikirie fundi mitambo wa ukumbini, yeye haimbi, ila akishusha kitufe kimoja mwimbaji mmoja hasikiki na mwingine anasikika kuliko alivyokusudia. Kwa hiyo ukiulizwa homoni fulani inafanya nini kwenye ubongo, swali la kweli ni: imegusa kitufe cha nani?

Hatua ya kwanza, andika imetoka wapi, na hapa usikimbilie. Juu ya karatasi andika chanzo: utumbo, kongosho, mafuta ya mwili, au ubongo wenyewe. Kama chanzo kiko nje ya ubongo una tatizo la kutatua kabla hujaendelea, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imezibwa vizuri, seli zake zimebanana, na mnyororo wa asidi amino haupiti hivi hivi. Watu wengi wanaruka hii hatua. Ndo maana mtu anapima endofini kwenye damu ya mkimbiaji, anakuta imepanda, anatangaza kwamba ubongo umejaa endofini. Damu ni damu, ubongo ni ubongo.

Njia za kuingia ninazozijua ni tatu, chagua mojawapo uiandike. Kuna kubebwa, ambapo ukuta wenyewe una wabebaji, leptini (homoni ya mafuta ya mwili) na insulini zinapita hivyo, na wabebaji wakijaa basi, hata damu iwe na homoni kiasi gani ziada inabaki nje. Kuna sehemu chache za ubongo ambazo ukuta wake unavuja kwa makusudi, kama eria postrema kwenye shina la ubongo na ogani ya sabfoniko, hizo ni kama madirisha ya ubongo ya kunusa damu. Anjiotensini II, yenye asidi amino 8, inakuletea kiu kwa kupitia dirisha la namna hiyo.

Na njia ya tatu ndo naipenda kuliko zote kwa sababu homoni haiingii kabisa. Kolesistokinini inatolewa na utumbo mwembamba ukishaguswa na mafuta na protini. Pale pale karibu inakutana na ncha za neva ya vegasi, ile inayounganisha ubongo na tumbo, ambayo nyuzi zake nyingi, kama asilimia 80, zinapeleka habari juu kwenda kwenye ubongo na sio kushusha amri kama tunavyofikiria. Neva inawaka, na kule juu kwenye shina la ubongo mwisho wake unamwaga glutameti. Umeona? Homoni imebaki tumboni, lakini nyurotransmita imemwagika kichwani na we unaanza kusukuma sahani pembeni. Mtu akikuambia homoni fulani haiwezi kuathiri ubongo kwa sababu haivuki ukuta, mchoree hii.

Kama chanzo ni ndani ya ubongo kazi ni rahisi kidogo ila kuna kitu cha kuzingatia. Nyurotransmita ndogo zinatengenezwa na kujazwa tena pale pale mwisho wa aksoni, ule mkia mrefu wa seli ya neva, zikishamwagwa zinafyonzwa zinatumika tena. Peptidi hamna. Inatengenezwa kwenye mwili wa seli kama protini nyingine yoyote, inafungashwa kwenye vifuko vikubwa vyeusi, kama nanomita 100 hivi, wakati vifuko vya glutameti ni kama 40 mpaka 50, halafu inasafirishwa kwa mwendo wa milimita 200 mpaka 400 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe kwa aksoni ya mita moja, ni siku mbili na nusu mpaka tano ndo mzigo ufike! Na ikimwagwa hairudishwi, inakatwa na vimeng'enya. Kwa hiyo seli ni bahili na peptidi zake, mara nyingi haizitoi mpaka iwake kwa mfululizo wa haraka haraka. Seli moja inaweza kuwa na glutameti au GABA pamoja na peptidi, ikiwaka taratibu inatoa ile ndogo peke yake, ikiwaka kwa fujo inatoa zote mbili. Hapo pembeni ya karatasi andika: seli ilikuwa inawaka vipi?

Hatua ya pili ni kipokezi, na hapa ndo mi nilikufa kwenye mtihani. Usiandike "inasisimua" au "inatuliza" kutokana na jina la homoni. Tafuta kipokezi. Vingi vya peptidi vinafanya kazi na protini G, yaani protini inayopokea ujumbe wa kipokezi ndani ya seli, na vinaangukia kwenye makundi matatu. Kuna Gs, hii inapandisha cAMP, molekuli ndogo ya kusambaza ujumbe ndani ya seli, na kwa ujumla inaisukuma seli iwe tayari kuwaka. Gq inatoa kalsiamu kutoka kwenye ghala la ndani ya seli, nayo mara nyingi inasukuma mbele. Alafu Gi inashusha cAMP, inafungua milango ya potasiamu, potasiamu inatoka na chaji chanya yake, seli inazama na kunyamaza, na ikiwa kule mwisho wa aksoni inafunga milango ya kalsiamu hivyo vifuko havimwagwi. Weka + kwa Gs na Gq, weka − kwa Gi. Kipokezi cha grelini weka +, cha oksitosini weka +, cha endofini na enkefalini weka −, na cha NPY (peptidi ya neva, nyuropeptidi Y) pia weka −. Leptini na insulini haziko kwenye familia hii, vipokezi vyake vinafanya kazi kwa kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, kwa hizo usibahatishe alama, angalia seli husika ilipimwa ikafanya nini.

Hatua ya tatu ndo roho ya hii kazi yote, naomba uisome taratibu. Kipokezi kimekaa juu ya seli ya nani? Na kimekaa sehemu gani ya hiyo seli, kwenye mwili wake au kwenye mwisho wa aksoni pale inapomwaga?

Turudi kwenye swali lililoniangusha. Chora duara andika DOPAMINI. Pembeni yake chora duara jingine andika GABA, toka hapo chora mshale kwenda kwenye dopamini uweke −, kwa sababu kazi ya GABA kwa mtu mzima ni kuzima. Sasa endofini: vipokezi vyake kwenye eneo la ubongo wa kati zinakokaa seli za dopamini vimekaa kwa wingi juu ya duara la GABA, sio la dopamini. Johnson na North walionyesha hilo mwaka 1992 kwa kurekodi seli moja moja kwenye vipande vya ubongo wa panya, wakiweka dawa ya jamii ya afyuni seli za GABA zinazama zinanyamaza. Chora mshale kutoka endofini kwenda GABA, weka −. Sasa soma njia yote, minus mara minus ni plus. Anayezima amezimwa. Seli ya dopamini haijaguswa na mtu, imeachiwa breki tu, na inaanza kuwaka. Kwa hiyo endofini inaongeza dopamini kweli, ila kwa kuzima, na nilichoandika mi kwenye mtihani kilikuwa kinyume kabisa na kinachotokea.

Ukishaiona hii mara moja utaiona kila mahali. Njoo kwenye njaa. Kwenye nukliasi ya akwati, chini kabisa ya haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayosimamia njaa), kuna makundi mawili ya seli yanayovutana. Kundi la AgRP linasema kula, kundi la POMC linasema imetosha. Seli za AgRP zinatoa vitu vitatu, peptidi yenyewe ya AgRP, NPY, na GABA, na sehemu ya hiyo GABA inaenda kumpiga jirani yake POMC. Grelini ikitoka tumboni, ni homoni iliyopatikana mwaka 1999, inakaa kwenye kipokezi chake juu ya AgRP, plus. AgRP inawaka, GABA inamwagika juu ya POMC, minus. Ile sauti ya imetosha inafifia. Ukizidisha, plus mara minus ni minus kwa POMC, na we unatafuta cha kula.

Leptini, iliyogunduliwa 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman, inatoka kwenye mafuta ya mwili na inaenda kinyume. Cowley na wenzake mwaka 2001 walikuta inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaisukuma POMC moja kwa moja, na pia inapunguza GABA inayoimwagikia. Yaani ni mishale miwili ya njia tofauti inayofika duara moja, na yote jibu lake ni plus. Hapa watu wanaoandika "leptini inapunguza njaa" hawajakosea, ila wameruka hadithi yote, na ukiruka hadithi huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye mafuta mengi na leptini nyingi kwenye damu bado ana njaa. Angalia mchoro wako: kuna mbebaji ukutani anayeweza kujaa, kuna kipokezi kinachoweza kuzoea, kuna mishale kadhaa inayoweza kulegea. Kuongeza homoni hakusaidii kama tatizo liko mbele ya njia.

Kuhusu mwili wa seli au mwisho wa aksoni, mfano mmoja unatosha. NPY kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) inakaa kwenye kipokezi chake cha Y2 pale mwisho wa seli za glutameti, inafunga milango ya kalsiamu, glutameti inatoka kidogo. Seli yenyewe bado inawaka vizuri kabisa, ila kwenye sinapsi hiyo inanong'ona. NPY hiyo hiyo kwenye haipothalamasi inakupa njaa. Usiulize NPY inafanya nini, uliza inafanya nini wapi.

Kuna nyingine ilinichanganya sana mwanzoni, ya oksitosini. Oksitosini ni plus, sawa? Na kwenye hipokampasi ya panya inakaa juu ya seli za GABA zile zinazowaka kwa kasi, kwa hiyo GABA inaongezeka, kwa hiyo seli kuu zinapaswa kunyamaza. Zinanyamaza kweli, zile kelele za kuwaka ovyo zinapungua. Lakini ujumbe wa kweli ukija unapita vizuri zaidi kuliko mwanzo! Sababu ni kwamba zile seli za GABA zikikaa zinawaka muda wote zinachoka kwenye sinapsi zake, basi ujumbe ukifika breki inayokuja nao ni dhaifu. Kwa hiyo plus na minus zitakufikisha mbali ila sio mpaka mwisho wa safari, kelele na ujumbe ni vitu viwili, pima vyote.

Na GABA yenyewe usiifunge kwenye minus milele. Kwenye seli changa za kijusi kloridi imejaa ndani, mlango wa GABA ukifunguka kloridi inatoka badala ya kuingia, na seli inasisimka. Kwa panya imeonyeshwa kwamba wakati wa kuzaa oksitosini ya mama inashusha kloridi kwenye seli za ubongo wa mtoto, na GABA inageuka kwa muda kuwa ya kuzima. Homoni hapo haijagusa GABA wala kipokezi cha GABA, imegeuza tu maana ya ule ujumbe. Mi nilipoisoma hii mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa utajuaje kama mchoro wako ni wa kweli au umejitungia? Ukiwa unasoma utafiti tafuta majaribio manne, na ukikuta yote mchoro una miguu. La kwanza, wameweka kizuizi cha kipokezi na athari ikapotea, mfano naloksoni kwa endofini. Pili, wameweka tetrodotoksini, ile sumu ya samaki bunju, ambayo inazuia seli zote kuwaka. Kama homoni bado inaibadilisha seli yako wakati majirani wote wamenyamazishwa, basi kwa kawaida kipokezi kiko juu ya seli hiyo hiyo, na kama athari imepotea ujue kuna jirani katikati na unatakiwa urudi uongeze duara. Tatu, ukubwa na idadi ya yale matone madogo madogo ya nyurotransmita yanayojidondokea yenyewe. Idadi ikibadilika kwa kawaida tatizo liko upande wa anayemwaga, ukubwa ukibadilika angalia upande wa anayepokea. La nne, wamefuta kipokezi kwenye aina moja tu ya seli za panya, sio panya mzima.

Hiyo ya bunju ndo kipimo changu, karatasi ya utafiti isiyo nayo na inasema "moja kwa moja" naisoma kwa jicho moja.

Hatua ya mwisho ni fupi, andika inaondokaje. GLP-1, homoni ya utumbo ya shibe, ile ya asili kwenye damu inakatwa nusu ndani ya kama dakika 2 na kimeng'enya cha DPP-4, wakati dawa ya semaglutaidi, ambayo imetengenezwa kwa kuiga hiyo hiyo, inakaa nusu yake karibu wiki. Kipokezi ni kile kile, ila ya kwanza inakigongea hodi mara moja baada ya mlo na ya pili inakigongea hodi siku saba mfululizo, usitegemee ubongo ujibu sawasawa. Na unaposoma kuhusu hizi peptidi zinazouzwa mtandaoni kwamba zinapandisha dopamini au zinaleta utulivu, rudi kwenye karatasi yako ujaze tu nafasi mbili: inaingiaje kwenye ubongo, na kipokezi kiko juu ya seli ya nani. Muuzaji akishindwa kujaza hata moja, weka pesa yako mfukoni.

Jaribu hii mwenyewe kabla hujaenda kwenye ngumu. CRH, asidi amino 41, inatengenezwa kwenye haipothalamasi na inahusika na msongo. Kipokezi chake cha kwanza ni Gs. Inamwagwa kwenye lokasi seruliasi, kikundi kidogo cha seli ambacho ndo chanzo kikuu cha noradrenalini kwenye ubongo. Chora. Ukimaliza ongezea enkefalini, kwa sababu seli hizo hizo zina vipokezi vya enkefalini pia, na sema nani anashinda zikimwagwa zote mbili kwa pamoja. Kama umeweka + moja na − moja juu ya duara moja, bila jirani katikati, umepatia, na kilichobaki ni kiasi tu cha kila moja.